Mto, Inzi na Ubongo: Miaka Sitini ya Kutafuta Chanzo cha Kifafa cha Mahenge

Watoto wameketi kuzunguka sinia la ugali. Mmoja wao, wa miaka minane au tisa, anaanza kudondosha kichwa. Kichwa kinashuka mpaka kidevu kiguse kifua, kinainuka, kinashuka tena, mara kadhaa kwa dakika moja. Macho yake yako wazi, lakini ukimwita haitiki. Baada ya muda anarudi na kuendelea kula, au tonge linabaki mkononi. Wengi wa watoto hawa huja kuanguka kifafa kamili baadaye. Wengine hudumaa, miili yao ikabaki midogo kuliko umri wao, na masomo yakawashinda.

Hali hii inajulikana milimani Mahenge, Wilaya ya Ulanga mkoani Morogoro, tangu zamani. Wenyeji walikuwa wakiieleza kwa maneno mawili tu, amesinzia kichwa, kabla jarida lolote la tiba duniani halijaiandika. Leo inatambulika kimataifa kuwa ni aina ya kifafa, na imeonekana pia kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Lakini safari ya kuielewa imechukua zaidi ya miaka 60, na haijaisha. Naieleza hapa kwa sababu hakuna mfano mwingine karibu nasi unaoonyesha vizuri hivi kwamba ubongo wa binadamu haujawahi kuwa mali ya taaluma moja, na kwamba anayeusoma akiwa amejifungia kwenye chumba chake cha kazi hukosa nusu ya habari.

Mwaka 1959 alifika Tanganyika daktari kijana kutoka Norway, Louise Aall, ambaye baadaye alijulikana kama Louise Jilek-Aall. Alikuwa amesomea tiba ya magonjwa ya nchi za joto huko Uswisi. Alijiandaa kukutana na malaria, kichocho na kuhara. Alichokikuta Mahenge hakikuwa katika matarajio yake: watu wenye makovu makubwa ya moto usoni, mikononi na miguuni, waliofichwa majumbani au kujengewa vibanda pembeni. Walikuwa wagonjwa wa kifafa. Walikuwa wameungua kwa sababu jiko ni mafiga matatu sakafuni, na mtu akiangukia motoni watu humkimbia badala ya kumvuta. Waliamini mate ya mgonjwa yanaambukiza. Chombo chake cha kulia kilikuwa cha peke yake, na kitanda chake pia.

Daktari huyo aliwapa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu ambayo Wajerumani waligundua mwaka 1912 kwamba inazuia kifafa. Watu waliokuwa wakianguka kila wiki wakakaa miezi bila kuanguka. Kliniki ya kifafa ikaanza Mahenge, na wagonjwa wakatembea kutoka vijiji vya mbali kuifuata. Kwa madaktari wengi kazi ingeishia hapo: ugonjwa una jina, dawa ipo, inafanya kazi.

Yeye aliona haijaisha. Kwa nini kifafa kilikuwa kingi kiasi kile Mahenge kuliko sehemu nyingine? Kwa nini mgonjwa aliyepona kuanguka bado hakuolewa, hakupewa shamba, hakukaribishwa kula? Maswali hayo hayakuwa na jibu katika vitabu alivyosomea. Alikwenda Kanada akasomea magonjwa ya akili, kisha anthropolojia, halafu akawa anarudi Mahenge mara kwa mara kwa miongo kadhaa pamoja na mumewe, Wolfgang Jilek, naye daktari wa akili. Katika utafiti wake wa miaka ya 1990 kuhusu maisha ya wagonjwa wa kifafa alishirikiana na wataalamu wa Kitanzania. Uamuzi ule wa kurudi shule, wa daktari aliyekwisha kufuzu na kuheshimiwa, mimi nauona mkubwa kuliko ugunduzi wowote uliofuata.

Ukubwa wake unaonekana ukilinganisha na yaliyokuwa yakifanyika jirani, Kenya, miongo michache kabla. Katika miaka ya 1930 mjini Nairobi daktari F. W. Vint alipima bongo za Waafrika waliokufa na kutangaza kwamba ni ndogo kuliko za Wazungu. Wapo waliozipokea namba hizo kwa furaha, kwa sababu zilihalalisha kuwanyima Waafrika shule. Ubongo uliotolewa kwenye fuvu na kuwekwa kwenye mizani hauwezi kukwambia mwenye nao alikula nini utotoni, aliugua mara ngapi, wala aliwahi kufundishwa nini. Lakini mizani ilisomwa kana kwamba imesema yote hayo.

Kisha akaja J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, kazi aliyoingia bila kusomea tiba ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa sehemu hiyo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau. Watu walionyang'anywa ardhi wakaelezwa kuwa wamechanganyikiwa kwa kukutana na ustaarabu wasiouweza. Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique aliyefanya kazi Algeria, alimjibu kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 1961, na alistahili kuwa mkali.

Jambo linalonisumbua katika habari ya Carothers ni kwamba yeye pia alichanganya taaluma. Aliandika kuhusu ubongo, mila, malezi, dini na siasa ndani ya kitabu kimoja. Kwa hiyo wale wanaosema leo kwamba dawa ya ujinga wetu kuhusu ubongo ni kuwakusanya wataalamu wa fani nyingi mahali pamoja, wanasema nusu tu. Carothers alikuwa na fani nyingi kichwani. Alichokosa ni kumuuliza Mkikuyu aliyekuwa mbele yake ana hasira gani, na kuamini jibu. Jilek-Aall aliketi na bibi za Kipogoro, wenyeji wa Mahenge, akauliza mtoto alianza lini, wakati wa kula au wa baridi, nani mwingine katika ukoo, nyumba iko wapi. Majibu yale aliyaandika kama ushahidi.

Ushahidi wenyewe ulionyesha vitu viwili. Kifafa kilikuwa kingi mno: kazi aliyoichapisha mwaka 1979 na wenzake ilikadiria wagonjwa wapatao 20 katika kila watu 1,000 kwenye eneo alilolichunguza. Na kiliandama koo fulani. Kwa daktari wa wakati ule, ugonjwa unaoandama ukoo ni ugonjwa wa kurithi, na wataalamu wa urithi walipewa nafasi ya kwanza kuueleza. Mwaka 1992 Henry Rwiza na wenzake walichapisha utafiti uliohusu watu zaidi ya 18,000 wa Ulanga, wakapata wastani wa wagonjwa 10 hivi kwa kila 1,000 katika wilaya, lakini baadhi ya vijiji vilikuwa juu zaidi kuliko vingine. Ugonjwa wa kurithi haupendi kijiji kimoja ukaacha kingine kilicho umbali wa saa chache za kutembea. Lakini ukoo hukaa pamoja, hulima pamoja, huteka maji mto mmoja.

Mto ndio uliokuwa unaachwa nje ya mazungumzo.

Mito ya Mahenge hushuka milimani kwa kasi, ikipasuka juu ya mawe. Maji ya namna hiyo, yenye hewa nyingi, ndiyo mazalia ya inzi mweusi mdogo anayeeneza ugonjwa wa usubi. Mabuu yake hujishikiza kwenye mawe na majani yaliyozama, na katika baadhi ya mito ya Kenya na Uganda mabuu ya inzi wa jamii hiyo wamekutwa wakiishi juu ya migongo ya kaa. Inzi jike anapouma huingiza minyoo michanga. Minyoo ikikomaa hujikunja ndani ya vinundu chini ya ngozi, na jike mmoja anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi akizaa vilui, yaani vijinyoo vidogo, kwa maelfu. Vilui hao hutambaa ndani ya ngozi na kuleta muwasho usiolala, huingia machoni na kupofusha. Kwa sababu hiyo usubi uliitwa upofu wa mtoni, na wataalamu wa macho na wa ngozi wakawa ndio wenyewe wa ugonjwa. Kifafa kilikuwa cha madaktari wa mishipa ya fahamu. Mgonjwa alikuwa mmoja, mwenye vinundu kiunoni na kovu la moto usoni, lakini faili zake zilikaa katika kabati mbili zisizofunguliwa siku moja.

Haikuwa kwamba hakuna aliyewahi kuona. Mwaka 1938 daktari mmoja wa Mexico, Casis Sacre, aliandika kwamba wagonjwa wa usubi nchini kwake walikuwa wakianguka kifafa. Mwaka 1950 udumavu wa ajabu uliambatanishwa na usubi karibu na Msitu wa Mabira nchini Uganda, ukaitwa Nakalanga. Habari hizo zilibaki pembezoni. Minyoo haionekani ndani ya ubongo, na kanuni ya daktari ilikuwa kwamba kisichoonekana ndani ya ubongo hakiwezi kuusumbua.

Kilichobadilisha mambo ni msiba wa Uganda. Kuanzia mwaka 2009 wazazi wa Kitgum na Pader, wilaya zilizotoka kwenye vita vya waasi wa Lord's Resistance Army, walianza kuleta watoto wanaodondosha vichwa kwa mamia. Kila mtu alikuwa na maelezo. Wapo waliosema ni mizimu ya waliouawa bila kuzikwa. Wapo waliolaumu chakula cha msaada kilichooza kambini, wengine kemikali za mabomu. Madaktari wa akili walijiuliza kama ni majeraha ya vita yanayojitokeza mwilini. Vipimo vya umeme wa ubongo, ambavyo Hans Berger wa Ujerumani ndiye aliyevianza kwa binadamu mwaka 1924, vilifunga sehemu moja ya mjadala: kichwa kinapodondoka, ubongo unakuwa katika shambulio la kifafa na misuli ya shingo inalegea kwa sekunde chache. Hicho kilikuwa kifafa halisi, hakikuwa maigizo wala woga.

Lakini kusema hivyo hakukufuta vita. Ukiyasikiliza maelezo ya wazazi bila kuyacheka, unaona yanaelekeza mahali. Ugonjwa ulikuja wakati wa kambi. Watu walikuwa wamehamishwa na kurundikwa, mifugo ilikuwa imeporwa, dawa za usubi hazikugawiwa kwa utaratibu. Watafiti wengine wanaona kwamba hali hizo, pamoja na mito ya Aswa na Pager yenye mazalia ya inzi, ziliwaweka watoto katika kuumwa na inzi kusiko na kifani. Mwanahistoria na mtaalamu wa wadudu, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wakieleza lile lile ambalo mama wa Kiacholi alilieleza kwa lugha ya mizimu: kwamba vita ndivyo vilivyoleta jambo hili. Serikali ya Uganda ilipoanza kugawa dawa mara mbili kwa mwaka na kuua mabuu mitoni kuanzia 2012, wagonjwa wapya wa kudondosha kichwa wakakoma kuonekana ndani ya muda mfupi.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Kamerun mwaka 2018. Katika bonde la Mto Mbam, kati ya 1991 na 1993, watafiti walikuwa wamehesabu vilui katika ngozi za watoto kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Mtafiti Cédric Chesnais na wenzake waliwatafuta watoto wale mwaka 2017, wakiwa watu wazima, kuuliza nani alipata kifafa. Kadiri vilui walivyokuwa wengi katika ngozi ya mtoto, ndivyo hatari ya kifafa ilivyopanda baadaye. Daftari lililoandikwa kwa uangalifu robo karne kabla, na mtu asiyejua litatumika kwa nini, lilijibu swali ambalo mashine za kupiga picha ubongo hazikuliweza.

Jinsi minyoo isiyoingia kwenye ubongo inavyouvuruga bado ni ubishi mkali. Mwaka 2017 timu ya Tory Johnson na Avindra Nath nchini Marekani ilipendekeza kwamba mwili unatengeneza kingamwili za kupigana na mnyoo, kisha kingamwili hizo zinakosea na kushambulia protini inayofanana nayo iliyomo katika seli za ubongo. Utafiti uliofuata kwa wagonjwa wa Kongo haukuona uhusiano huo. Wachunguzi wa maiti nao waliripoti mwaka 2018 kwamba bongo za vijana kadhaa wa Uganda waliofariki zilikuwa na marundo ya protini ya tau, ambayo kwa kawaida huonekana kwa wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer. Fikiria maana yake: mtoto wa kijijini, ambaye bajeti za utafiti hazikumfikiria, anaweza kuwa ameshika jibu la ugonjwa unaowatesa wazee wa London na Tokyo. Na bongo zile zilipatikana kwa sababu familia zenye msiba zilikubali kuombwa, katika jamii ambazo mwili wa marehemu haushikwi ovyo.

Turudi Mahenge. Dawa ya usubi, ivamektini, hutolewa bure na kampuni ya Merck tangu 1987, na Mahenge ilianza kugawiwa mwaka 1997. Miaka 20 baadaye Bruno Mmbando wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Tanga, pamoja na wenzake walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Mahenge. Mdindo na Msogezi, vijiji vya ndani, vilikuwa na kifafa kwa asilimia 3.5 ya watu. Vijiji vilivyo karibu na mji vilikuwa na asilimia 1.5. Hiyo ni baada ya miongo miwili ya dawa, na damu za watoto wadogo zilionyesha kwamba maambukizi mapya yalikuwa yanaendelea.

Maelezo ya kushindwa huko hayapatikani maabara. Ivamektini huua vilui, haiui mnyoo mkubwa, kwa hiyo lazima inywewe tena na tena mpaka mnyoo ufe kwa uzee. Haipewi mtoto wa chini ya miaka mitano wala mjamzito. Mgawa dawa ni mwanakijiji mwenzako, anayejitolea, anayefika na fimbo ya kupimia urefu siku ambayo wewe uko shambani. Na watu wengi waliambiwa ni dawa ya muwasho na macho. Kijana asiyewashwa ana sababu gani ya kuimeza? Hakuna aliyemwambia kwamba dawa ile inaweza kumkinga mwanawe na kifafa, maana walioijua dawa hawakuwa wamekaa na walioujua ubongo. Tangu 2019 Mahenge imekuwa ikipewa dawa mara mbili kwa mwaka, na ufuatiliaji umeonyesha wagonjwa wapya wa kifafa wamepungua. Ni habari njema, na ilipaswa kuja mapema.

Usubi, hata hivyo, hauelezi kifafa chote cha Afrika Mashariki. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliopita kwa zaidi ya watu nusu milioni katika maeneo matano yakiwemo Kilifi, Ifakara na Iganga, ulionyesha kwamba kwa watoto uzazi wenye matatizo na kuumia kichwa vina nafasi kubwa. Huko Mbulu, tegu wa nguruwe hujenga vifuko ndani ya ubongo wa mtu aliyekula mayai yake kwa uchafu. Kwa maana hiyo mkunga, bwana mifugo na mchimba vyoo wote wanalinda bongo za watu, ingawa hakuna hata mmoja atakayealikwa kwenye kongamano la wataalamu wa ubongo. Ningependa waalikwe, na walipwe nauli.

Kuna sehemu ya ugonjwa ambayo kuua inzi wote hakutaigusa. Msichana aliyeondolewa darasa la tatu kwa sababu wenzake walikimbia alipoanguka, akakaa nyumbani miaka kumi akila peke yake, amepata jeraha ambalo umeme wa ubongo hauonyeshi. Hajui kusoma. Hathubutu kwenda kisimani peke yake. Akitulizwa kifafa leo kwa vidonge, atabaki na hofu, aibu na umaskini uleule. Akili yake imeumbwa na yale aliyotendewa na majirani, na jirani mmoja mmoja lazima afundishwe kwamba mate hayaambukizi, kwamba mtu akianguka anaondolewa motoni, analazwa ubavu, hawekewi kitu mdomoni. Wanaoweza kulisema hilo likasikika ni padri, shehe, mwalimu na mganga wa jadi, ambaye familia nyingi humwendea kwanza. Kliniki zilizomwona mganga kama adui zimepoteza wagonjwa. Akipewa heshima yake na kuelezwa lini amwelekeze mgonjwa hospitali, anaweza kuwafikisha watu ambao kliniki isingewaona.

Taaluma ya mwisho ninayotaka kuitaja ni sheria. Fenobabitoni, kidonge kilekile alichokitumia daktari kijana Mahenge, bado ni miongoni mwa dawa za bei ya chini kabisa za kifafa duniani, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Shirika hilo linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba sahihi. Lakini dawa hii iko chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili, uliowekwa kuzuia matumizi mabaya, kwa hiyo kuiagiza kutoka nje kunahitaji vibali, hesabu na ukaguzi zaidi kuliko dawa za kawaida. Kibali kikichelewa, stoo ya wilaya hukauka. Mgonjwa aliyetembea kutoka kijijini huambiwa arudi wiki ijayo, na kuacha fenobabitoni ghafla kunaweza kuleta kifafa kinachounganika bila kukatika, ambacho huua. Udhibiti unaweza kubaki na dawa ikafika: wizara iagize kwa makadirio ya mwaka mzima, vibali viombwe kabla akiba haijafika nusu, na muuguzi wa zahanati aruhusiwe kumpa mgonjwa anayejulikana vidonge vya miezi mitatu kwa mara moja.